UZI: Vipimo vya mwitiko wa neva (VEP, ABR, SSEP). Ubongo unajibu baada ya muda gani?

Fundi Elektrodi (#1)
Wakuu, habari za jioni. Kwenye ule uzi wa ganzi za miguu kuna waliotumwa na daktari wakafanye "VEP" au "SSEP" na hawajui wanakwenda kufanywa nini. Mmoja alidhani anakwenda kupigwa shoti mpaka akiri kitu. Nimeona nifungue uzi wake. Kazi yangu ni hii, kupima neva katika hospitali moja hapa Uingereza. Mimi ni fundi wa vipimo, si daktari, kwa hiyo mambo ya tiba mwachieni aliyewatuma.

Msingi wake ni mfupi. Unauchokoza mfumo wa fahamu mahali unapopajua na wakati unaoujua: picha machoni (hiyo ndiyo VEP), mlio sikioni (ABR), au umeme kidogo kwenye kifundo cha mkono (SSEP). Halafu unasubiri, elektrodi zikiwa zimebandikwa kwenye ngozi ya kichwa, uone ubongo unajibu lini. Ukubwa wa jibu tunauangalia, lakini kinachotuweka macho ni muda. Jibu limefika baada ya milisekunde ngapi? Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwenye kazi hii zikizidi 10 au 15 tu mtu anaweza kupelekwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku.

Shida ni kwamba jibu lenyewe ni dogo mno. Umeme wa kawaida wa ubongo, ule wa EEG, mtu akifumba macho tu unafika mikrovolti 50 hivi (mikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti). Jibu la jicho ni kama 10. Jibu la mkono ni pungufu ya hapo, na la sikio kutoka kwenye shina la ubongo mara nyingi halifiki hata 1. Ongeza misuli ya shingo iliyokaza, kope zinazopepesa, na umeme wa ukutani. Ukimpigia mtu mlio mmoja ukatazama skrini, huoni kitu.

Ndiyo maana jambo hili lilichelewa sana. Richard Caton, daktari wa Liverpool, alitangaza mwaka 1875 kwamba ubongo wa sungura na nyani una umeme, na kwamba umeme huo hubadilika mnyama akimulikwa machoni. Lakini alikuwa ameweka elektrodi juu ya ubongo wenyewe. Hans Berger wa Jena, Ujerumani, akarekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuuchapisha 1929. Hata hapo jibu la kichocheo kimoja liliendelea kuzama kwenye EEG.

Aliyelivua ni George Dawson, London. Mwaka 1947 alimpima mgonjwa wa kifafa cha kushtukashtuka, ambaye ubongo wake ulijibu kwa nguvu isiyo ya kawaida kila neva ya mkono ilipochokozwa, kiasi kwamba jibu lilionekana kwa macho. Sasa kwa mtu mzima wa afya afanyeje? Kwanza alipiga picha za mistari mingi juu ya filamu moja: palipo na jibu mistari ilirundikana pamoja, palipo na kelele ilitawanyika. Kisha mwaka 1951 akaonyesha mashine ya kujumlisha, yenye swichi inayozunguka na safu ya kapasita, vifaa vidogo vya kutunza umeme. Kila kichocheo kinapotoka, kila kapasita inapokea umeme wa kipande chake cha muda, ukijumlishwa na wa raundi zilizopita. Hakukuwa na kompyuta mezani. Ninapobonyeza kitufe leo, hesabu inayofanyika ni ile ile ya Dawson.

Maswali ruksa.

Kipanga wa Ilala (#2)
Naweka kambi hapa. Ila milisekunde 15 ndiyo mtu apelekwe MRI? Huko kwenu mashine zinatafuta kazi mkuu.

Bwana Volti (#3)
Niko mwaka wa tatu uhandisi wa umeme, nina maswali mawili.

Moja, kupiga wastani ninakuelewa: jibu linatokea wakati ule ule kila mara, kelele hazina ratiba, kwa hiyo ukijumlisha kelele zinamalizana zenyewe. Kelele inapungua kwa mzizi wa idadi ya marudio. Marudio 100, kelele inashuka mara 10. Lakini hesabu ya sikio inanigomea. Kelele mikrovolti 50, marudio 2,000, mzizi wake ni kama 45. Inabaki zaidi ya mikrovolti 1, na wewe umesema jibu halifiki 1. Mnalionaje?

Mbili, kwa nini msiende marudio 100,000 mmalize ubishi?

Fundi Elektrodi (#4)
@Bwana Volti hesabu yako ni safi, kuna kitu kimoja sijakitaja. Kabla ya kupiga wastani tunachuja. Jibu la shina la ubongo ni la haraka, lote linakwisha ndani ya milisekunde 10. EEG ni ya polepole. Tukikata kila kilicho chini ya herzi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, sehemu kubwa ya zile mikrovolti 50 inaondoka hata kabla hujaanza kujumlisha. Kinachobaki zaidi ni misuli, na misuli dawa yake ni usingizi. Pia mashine inatupa yenyewe kila raundi iliyovuka kiwango fulani, kwa mfano mgonjwa alipokohoa.

Swali la pili, mzizi ndio unaotufunga. Kutoka 100 kwenda 400 unapata nafuu mara mbili tu. Kutoka 400 kwenda 1,600, mara mbili nyingine. Wakati huo mgonjwa amechoka, shingo imekaza, kelele imepanda. Badala ya raundi ndefu moja tunafanya fupi mbili na kuweka mstari mmoja juu ya mwingine. Wimbi lisilojirudia halihesabiwi, hata liwe zuri namna gani.

Na kwa vile wewe ni mtu wa umeme, utapenda hii. Milio ya kupima sikio hatutoi 10 kwa sekunde. Tunatoa 11.1, au namba nyingine ya ajabu kama hiyo. Umeme wa ukutani ni herzi 50. Ukitoa milio 10 kwa sekunde, kati ya mlio na mlio zinapita duara 5 kamili za umeme wa ukutani, maana yake kila raundi inaukuta umeme huo pale pale. Huo hauna tena tabia ya kelele, una ratiba kama jibu lenyewe, na utaujumlisha mpaka uchoke. Kwa 11.1 zinapita duara 4 na nusu hivi, kwa hiyo raundi moja inaukuta juu, inayofuata inaukuta chini.

@Kipanga neva ya mkono yenye afya hupitisha ujumbe kwa mita 50 au 60 kwa sekunde. Kasi hiyo inatokana na mayelini, lile ganda la mafuta linaloizunguka neva. Ganda likibanduka sehemu ndogo tu, ujumbe unafika, ila unachelewa. Mwenye neva hiyo anaweza asihisi chochote. Milisekunde 15 ni ganda linaloondoka, na hakuna mtu atakayekuja hospitali kulalamika kwamba amechelewa kuona kwa milisekunde 15.

Dada Rehema (#5)
Kaka Fundi, mimi ndiye niliyetumwa VEP. Mwaka jana jicho la kulia lilipoteza nuru kwa wiki kadhaa, likawa linauma nikiligeuza. Likarudi. Sasa naona vizuri kabisa, hata herufi za chini nasoma. Nikipimwa si nitaonekana mzima?

Fundi Elektrodi (#6)
Dada Rehema pole kwa hilo. Swali lako ndilo lililokifanya kipimo hiki kikubalike duniani.

Mwaka 1972 Halliday na wenzake wawili wa London walichapisha matokeo ya watu waliovimba neva ya jicho, kama inavyosikika yako. Hawakutumia mwanga wa kumulika. Walitumia ubao wa miraba myeusi na myeupe, kama wa drafti, inayobadilishana: nyeusi inakuwa nyeupe, nyeupe inakuwa nyeusi. Mwanga wote kwenye ubao haubadiliki, kinachobadilika ni mchoro tu, na sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni hujibu mchoro kwa wimbi linalofika kwenye milisekunde 100 hivi. Tunaliita P100. Kwa wagonjwa wale wimbi lilichelewa waziwazi kwenye jicho lililougua, na likabaki limechelewa hata kwa waliokwisha kurudiwa na kuona kwao. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba wagonjwa wengi wa MS, ugonjwa unaobandua lile ganda la mayelini kwenye ubongo na uti wa mgongo, wana ucheleweshaji huo hata kama hawakumbuki kuumwa macho.

Kwa hiyo kusoma herufi za chini ni jambo jema, lakini ni swali jingine. Herufi zinauliza kama ujumbe unafika. VEP inauliza unafika saa ngapi. Jicho la kushoto litakuwa kipimo cha la kulia, kwa sababu tofauti kati ya macho mawili ya mtu mmoja ni ndogo mno.

Tafadhali usiruke ukaenda kusoma mambo ya MS usiku kucha. P100 ikichelewa haitaji jina la ugonjwa. Neva ya jicho huumizwa na mengi: kaswende, upungufu wa vitamini B12, presha ya maji ya jicho, na ethambutol, dawa ya kifua kikuu ambayo kwa watu wachache inadhuru macho. Ukiwa umewahi kutumia dawa za TB, mwambie daktari hata kama ni zamani.

Kipanga wa Ilala (#7)
Sasa kama MRI ipo, hii drafti ya nini tena?

Fundi Elektrodi (#8)
MRI inaonyesha kovu liko wapi. Haikuambii neva inapitisha nini. Nimeona picha safi na wimbi limechelewa, nimeona na kinyume chake. Halafu angalia vifaa: skrini, elektrodi chache, kikuza umeme, kompyuta. Hakuna sumaku ya kupoozwa kwa heliamu. Kwa maoni yangu hospitali nyingi za nyumbani zingeanza na hii kabla ya kununua mashine za mabilioni zinazokaa zimeharibika. Kinachokosekana zaidi ni watu waliofundishwa kuisoma.

Mama Nuru (#9)
Shikamooni wakubwa. Mwanangu ana miezi miwili. Alizaliwa na manjano kali mpaka akabadilishwa damu. Walipima masikio kwa kile kidude kinachoingia sikioni wakasema amepita, lakini daktari wa watoto anang'ang'ania afanyiwe ABR. Si nilishaambiwa amepita?

Fundi Elektrodi (#10)
Marahaba mama, na hongera ya mtoto. Mfuate huyo daktari, anajua anachokifanya.

Kidude cha mwanzo kinasikiliza mwangwi wa sikio la ndani. Kochlea, yaani sikio hilo la ndani, ikiwa hai inatoa sauti ndogo yenyewe, na kidude kinainasa. Kinaishia hapo. Hakijui kama neva ya kusikia inaipeleka sauti kwenye ubongo. Manjano kali inaweza kuiacha kochlea salama ikaharibu neva na vituo vyake kwenye shina la ubongo. Mtoto wa namna hiyo anapita mwangwi, anafeli ABR.

ABR inamfuata mjumbe njiani. Jewett na Williston wa Marekani walieleza mawimbi yake mwaka 1971 na kuyapa namba za Kirumi, I mpaka VII. Kwa mtu mzima wimbi la I, la neva ya kusikia yenyewe, linatokea kwenye milisekunde 1.5 hivi. La III, chini kwenye shina la ubongo, karibu na 3.7. La V, juu zaidi, 5.5 na kitu. Kutoka I hadi V ni kama milisekunde 4. Wimbi la I likiwepo na la V likawa halipo au limechelewa, unajua tatizo liko kati ya vituo hivyo. Kote huko ndani ya kichwa, na wewe umebandika elektrodi utosini na nyuma ya sikio tu! Mimi bado kinanishangaza.

Usishtuke namba za mtoto wako zikizidi hizo. Mayelini ya mtoto haijakamilika, mawimbi yake huchelewa, na anafikia muda wa watu wazima kwenye umri wa miaka miwili hivi. Wapimaji wana majedwali ya watoto.

Siku ya kipimo, mcheleweshe kulala na kunyonya, umnyonyeshe hapo hapo mezani. Mtoto aliyeshiba na kusinzia anapimika vizuri, na hataumia.

Mtu wa Mara (#11)
Huu uzi umenikumbusha jambo. Nyumbani Tarime wazee wanasimulia mwaka wa njaa, watu walilala wazima wakaamka miguu imekakamaa. Walisema ni muhogo. Neva kama hizo nazo zinapimwa?

Fundi Elektrodi (#12)
Mkuu, hiyo ni konzo, na ni kweli kabisa. Mlipuko wa Tarime ulikuwa mwaka 1985, wakati wa ukame. Muhogo mchungu ambao kwa kawaida ungelowekwa au kuvundikwa na kuanikwa muda wa kutosha uliliwa haraka kwa sababu ya njaa, ukiwa bado na sianidi, na mlo haukuwa na protini ya kusaidia mwili kuiondoa sumu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeelezwa Kongo tangu mwaka 1938, na mpaka leo huko haujakwisha.

Kupima konzo kwa kichocheo cha mkono au jicho hakukupeleki kwenye kiini, kwa sababu kilichoumia hasa ni njia ya kushuka, amri kutoka ubongoni kwenda kwenye misuli. Unahitaji kugeuza kipimo: chokoza ubongo, subiri msuli. Mwaka 1980 Merton na Morton waliweza kufanya hivyo kwa umeme juu ya fuvu, lakini inauma kweli. Mwaka 1985, mwaka ule ule wa njaa yenu, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield walionyesha koili inayopiga pigo fupi la sumaku juu ya kichwa na kidole kikaruka, bila maumivu ya maana. Baadaye watafiti walitumia njia hizo mbili kwa wagonjwa wa konzo wa Kongo. Kwa wengi wao sumaku ilipopigwa kichwani misuli haikujibu kitu. Hilo liliunga mkono walichokuwa wakikiona kwa nyundo ya goti: miguu iliyokakamaa huku neva za mguuni kwenyewe hazikuwa chanzo. Njia imekatika juu.

Mtu wa Mara (#13)
Shukrani. Kuna mzee wetu mmoja bado anatembelea fimbo mbili toka enzi hizo. Watu walisema amerogwa.

Kipanga wa Ilala (#14)
Mimi nataka ile ya kusoma akili. Kuna video inasema polisi wanakubandika waya wakuonyeshe picha ya maiti, ubongo unasema "ndiyo namjua".

Fundi Elektrodi (#15)
Hiyo ni P300. Sutton na wenzake waliieleza mwaka 1965: ukimpa mtu vitu vinavyojirudia halafu kimoja cha nadra chenye maana kwake, baada ya milisekunde 300 au zaidi linatokea wimbi kubwa. Inafanya kazi. Mwaka 1988 Farwell na Donchin waliitumia kumwezesha mtu kuandika herufi kwa kutazama tu, jambo la heri kwa aliyepooza mwili mzima.

Ya polisi siiamini. Wimbi linasema "hiki kimenigusa". Halisemi kwa nini. Aliyeua na aliyeukuta mwili njiani wote watagutuka. Na anayejua ujanja anaweza kujipa kazi ya siri, kama kusogeza kidole cha mguu kwa kila picha isiyohusika, akaharibu kipimo. India walivipeleka vipimo vya namna hiyo mbali zaidi ya wengi, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu yao ikaamua kwamba mtu hawezi kulazimishwa kufanyiwa.

Msafiri wa Tanga (#16)
Samahani kwa kuingiza huzuni. Kaka yangu moyo ulisimama wakauamsha, yuko ICU siku kadhaa hazinduki. Wamesema watampima SSEP mikono yote miwili. Tutarajie nini?

Fundi Elektrodi (#17)
Pole sana ndugu yangu. Nitakuambia kama ninavyowaambia wanaosimama kando ya kitanda.

Watachokoza neva kwenye kifundo cha mkono mpaka kidole gumba kiruke. Watapokea ujumbe sehemu tatu: juu ya mtulinga kwenye milisekunde 9 hivi, shingoni 13, na kichwani upande wa pili, 20. Sehemu mbili za mwanzo zinahakikisha ujumbe umetoka mkononi na kupanda uti wa mgongo. Bila hizo, ukimya wa kichwani hauna maana yoyote, pengine neva ya mkono ndiyo mbovu. Kwa kuwa dawa za usingizi haziliondoi wimbi la 20 kirahisi, kipimo hiki kinaaminika ICU kuliko vingi.

Wimbi la 20 likikosekana pande zote mbili baada ya moyo kusimama, na mtulinga na shingo vikiwa vimejibu, ni dalili mbaya sana. Likiwepo halijaahidi kwamba atazinduka, linasema njia hiyo iko hai. Madaktari hawapaswi kuamua kwa kipimo hiki peke yake, wanapima na mboni za macho, EEG na picha. Una haki ya kuwauliza: shingo ilijibu? Raundi zilifanana?

Msafiri wa Tanga (#18)
Ahsante. Nitauliza hivyo hivyo.

Dada Rehema (#19)
Tunakuombea kheri Msafiri.

Kaka Fundi, miadi yangu ni Alhamisi. Nina rasta nimesuka juzi tu, na ni za bei. Lazima nifumue?

Fundi Elektrodi (#20)
Si lazima zote. Elektrodi muhimu iko kisogoni, kama sentimita 5 juu ya kile kinundu cha mfupa, nyingine mbele juu ya paji. Mpimaji akiweza kufika kwenye ngozi katikati ya mistari inatosha. Wigi vua, wivingi iliyoshonwa juu ya kisogo itabidi iachiwe hapo nyuma. Osha kichwa jana yake na usipake mafuta wala jeli ya nywele, maana elektrodi inateleza, ukinzani unapanda, na mstari wote unajaa umeme wa ukutani. Watakusugua ngozi kidogo kwa dawa ya chengachenga, hiyo ndiyo karaha pekee.

Nenda na miwani yako unayovaa. Miraba ikionekana ukungu wimbi linashuka na kuchelewa, utaandikiwa ugonjwa wa neva kumbe ni miwani iliyobaki nyumbani. Kaza macho kwenye alama ya katikati hata ukichoshwa. Matone ya kupanua mboni usitiwe siku hiyo. Ikiwa kliniki ya macho imekutia asubuhi, mwambie mpimaji kabla hajaanza, akupangie siku nyingine.

Dada Rehema (#21)
Na wanja je?

Fundi Elektrodi (#22)
Wanja paka tu.